Waulize Wajuzi: Sungura wa Porini, Kutoka Mbugani Hadi Sufuriani

Barua za safari hii zimetoka kwa wingi Sikonge, Urambo, Kaliua na Uyui mkoani Tabora, na moja imetoka mwisho wa reli, Ujiji. Malalamiko yanafanana: nyama ya sungura wa porini ni ngumu, inanuka, imejaa manyoya, na lawama anabebeshwa mpishi. Tunamtetea mpishi. Nyama hii huharibikia porini, ndani ya nusu saa ya kwanza baada ya mnyama kuanguka. Jikoni huwa inafika ikiwa imeshaharibika au imeshapona. Ndiyo maana majibu yetu ya porini ni marefu kuliko ya jikoni.

Mwangaluka wajuzi. Sungura wanamaliza karanga zangu kila usiku. Je, mnyama mdogo hivi anahitaji kibali? Na nikitega waya pembeni ya shamba langu mwenyewe? (Msomaji, Sikonge)

Mwangaluka, mdogo wetu. Udogo wa mnyama haubadilishi kitu. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, wanyamapori ni mali ya umma, hata yule anayelala kwenye tuta lako, na kumwinda kunahitaji leseni. Kukutwa na nyama yake bila karatasi nako ni kosa, hata kama aliyemwua ni mwingine. Nenda kwa afisa wanyamapori wa halmashauri yako au ofisi ya TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania) ukaulize leseni inatolewa lini, kwa mnyama gani, katika eneo gani na kwa silaha gani. Silaha nayo ina leseni yake chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, kwa hiyo gobole la kurithi lisilosajiliwa litakuingiza matatani kabla hujalifyatua. Ndani ya hifadhi ya taifa, kama Mto Ugalla iliyopandishwa hadhi mwaka 2019, hakuna kuwinda kabisa. Maeneo ya jumuiya za uhifadhi, Ipole huko kwenu na Uyumbu kule Urambo, yana utaratibu wake. Anzia ofisini kwao.

Waya usitege. Sheria inaukataza, pamoja na sumu, mashimo na kumulika usiku, na hata nyama inaukataa. Sungura aliyenaswa saa nne za usiku hupigana na waya mpaka nguvu zimwishie. Misuli yake inamaliza akiba yote, damu inavilia ndani, na unapomkuta asubuhi tumbo limeshaanza kuchacha. Nyama ya namna hiyo huwa nyeusi, inanata vidoleni na haikai. Tena waya hauchagui: unanasa digidigi, mbwa wa jirani na ndama.

Kama shida yako ni karanga, zungushia wavu wa kuku wa urefu wa sentimita 90 na ufukie sentimita 15 za chini. Ukikosa wavu, weka matawi ya miiba yaliyobanana hadi kwenye udongo. Sungura huyu si mchimbaji hodari. Atatafuta upenyo, akiukosa ataondoka.

Nina leseni na bunduki ya marisau (risasi za chembechembe). Mchana kutwa sioni sungura, lakini mavi yao naona kila mahali. Wanajificha kwenye mashimo gani? (Msomaji, Urambo)

Hawana mashimo, kaka. Anayechimba mahandaki ni sungura wa kufugwa, ambaye asili yake ni Ulaya. Huyu wetu wa porini ni wa jamii nyingine: masikio marefu zaidi, miguu ya nyuma mirefu zaidi, nyama nyekundu iliyokoza badala ya nyeupe, na watoto wake huzaliwa wakiwa na manyoya na macho wazi kwa sababu hawana pango la kuwaficha. Mchana hulala juu ya ardhi, mahali palipobonyea kidogo chini ya shina la nyasi au kichaka, masikio ameyalaza mgongoni. Ukitembea kwa mwendo mmoja usiobadilika atakuacha umpite hata hatua mbili tu kutoka alipo. Kinachomtoa ni wewe kusimama. Tembea hatua kumi na tano, simama, hesabu moyoni hadi ishirini, kisha endelea.

Mtafute pembezoni: pale miombo inapokutana na mbuga, kwenye mashamba ya karanga na viazi yaliyokwisha kuvunwa, na hasa mahali palipoungua ambapo majani mapya yamechipua. Mavi yake ni mviringo uliobonyea kidogo, makavu, na ukiyavunja unaona nyuzi za majani. Mashina anayokula hukatika mshazari, safi, wakati mbuzi huacha shina limechanika. Saa nzuri ni ile ya kwanza baada ya jua kuchomoza na ile ya mwisho kabla halijazama, wakati mwanga ungali unakuruhusu kuona kilicho nyuma ya mnyama. Hilo la nyuma ya mnyama tunalikazia. Pori la Tabora halikosi watu: warina asali, wachoma mkaa, wachungaji, akina mama wa uyoga. Usipoona udongo au kichuguu kitakachopokea risasi, shusha mtutu.

Kwa bunduki ya kaliba 12, marisau namba 5 au 6 yanatosha, na umbali usizidi mita 30. Ngoja akupe ubavu, ulenge kichwa na mabega. Anayekimbia akikupa mgongo mwache aende, maana marisau yatapasua matumbo na kuharibu mapaja, ambayo ndiyo nyama yenyewe. Mara nyingine atasimama mbele kidogo kutazama nyuma, hapo utapata nafasi safi zaidi.

Neno moja la mavazi: rangi ya bluu na nyeusi huwavuta mbung'o, na pori hili lina historia ndefu ya malale. Vaa kaki, mikono mirefu, na kitambaa cha rangi kali kichwani ili wenzako wakuone.

Nikipiga sungura alfajiri na kufika nyumbani saa nane mchana, tumbo limevimba na nyama ya mbavuni ina ukijani. Nakosea wapi? (Msomaji, Kaliua)

Unakosea kwa kumbeba akiwa na matumbo yake. Mnyama anayekula majani ana kiwanda cha kuchachusha tumboni, na kiwanda hicho hakisimami moyo unaposimama. Joto la mwili linabaki ndani kwa sababu manyoya yanalizuia kutoka, gesi inajaa, vijidudu vya utumbo vinapenya kwenye nyama. Ukijani unaouona ni gesi ya utumbo iliyokutana na damu. Ukimtia kwenye mfuko wa plastiki au kiroba ndiyo unazidisha.

Toka nyumbani na kisu kifupi chenye ncha, makali yasizidi sentimita 10, kamba, glovu, kitambaa safi kikavu, maji safi lita moja na nusu, sabuni, na ule mfuko wa nyavu wanaouzia vitunguu. Vifaa vyote hivyo havifiki kilo tatu.

Akianguka, gusa jicho kwa kijiti kuhakikisha amekufa. Kabla ya yote mtoe mkojo: mshike miguu ya mbele, tumbo likutazame, kisha pitisha dole gumba kutoka kitovuni kwenda chini ukikandamiza taratibu. Kibofu kitamwaga nje. Wengi huruka hatua hii, na ndiyo inayoleta ile harufu wanayodhani ni ya asili ya sungura.

Kisha kivulini. Mlaze chali, binya ngozi ya tumbo chini ya mbavu, uinue, utoboe tundu dogo. Ingiza vidole viwili, tanua, na upitishe kisu katikati yake makali yakitazama juu, ukikata ngozi na utando wa tumbo tu hadi kwenye nyonga. Ukikata makali yakitazama chini utapasua utumbo mpana wa mwanzo, ambao kwa sungura ni mkubwa kuliko tumbo lenyewe na umekaa juu kabisa, ukikusubiri. Ukitobolewa usimwage maji kila mahali. Futa kwa kitambaa, na sehemu yote iliyochafuka uikate nyumbani uitupe.

Ingiza mkono mpaka chini ya mbavu, shika koo la chakula, vuta vyote kwa pamoja kuelekea chini. Pasua kiwambo, toa moyo na mapafu. Mwishoni tenganisha mfupa wa nyonga kwa ncha ya kisu ili utumbo wa haja utoke mzima. Ini liweke kando, na nyongo itoe kwa kukata pamoja na kipande kidogo cha ini kilichoishikilia, usijaribu kuibandua. Chomeka kijiti kuweka tumbo wazi, mning'inize miguu ya nyuma ikiwa juu, na usafiri naye ndani ya mfuko wa nyavu, upepo ukipita. Fukia matumbo, usimpe mbwa. Sababu ya mbwa tunaieleza kwenye barua ya mama wa Uyui.

Nyama iliyokwisha kuwa kijani sehemu ya tumbo ikatwe. Kama harufu imeingia hadi mapajani, fukia yote.

Kila nikichuna, manyoya yanaganda kwenye nyama na hayatoki hata kwa maji. (Msomaji, Uyui)

Maji ndiyo yanayoyagandisha. Chuna kukiwa kukavu, mnyama akingali na uvuguvugu, na ugawe mikono yako: mmoja unagusa manyoya tu, wa pili unagusa nyama tu. Kata ngozi kuzunguka vifundo vya miguu ya nyuma, kisha pasua kwa ndani ya paja kutoka kifundo kimoja, kupitia chini ya mkia, hadi kifundo cha pili. Kata kutoka upande wa ndani wa ngozi kuelekea nje ili usikate manyoya. Manyoya yaliyokatwa ndiyo yanayoruka. Mning'inize, vuta ngozi kwenda chini kama unavyomvua mtoto sweta, ukisaidia kwa ngumi na si kwa kisu. Ngozi ya sungura wa porini ni nyembamba na huchanika kwenye ubavu. Ikichanika anza upya upande wa pili. Fikia mabega, toa mikono, vuta hadi shingoni, kata kichwa.

Pembeni ya sehemu ya haja kuna tezi mbili ndogo za rangi ya kahawia. Zitoe bila kuzibonyeza. Ndipo utafute matundu ya marisau: kila tundu lina kishungi cha manyoya yaliyoingia na risasi. Chokoa kwa ncha ya kisu, toa marisau, na ukate nyama iliyovilia damu kiasi cha sentimita moja kuzunguka. Madini ya risasi yanayotengenezea marisau ni sumu. Nyama ya pembeni ya jeraha isipewe watoto wala mama mjamzito. Sasa ndipo unaweza kuosha, mara moja, kwa maji safi, na kukausha kwa kitambaa.

Kama hujawahi kuchuna kabisa, nunua sungura wa kufugwa wa kilo mbili ujifunzie. Viungo vimekaa vilevile, ngozi ni ngumu kuchanika, na mkono uliozoea nyumbani hauhangaiki porini.

Tumekuta vifuko vya maji mithili ya punje za mchele vimeshikamana na ini na utumbo. Tumetupa nyama yote. Tulifanya sawa? (Mama wa Uyui)

Shikamoo mama. Mlichukua tahadhari, ila safari nyingine nyama inaweza kuokolewa. Vifuko hivyo angavu, vyenye kitone cheupe ndani, kwa kawaida ni watoto wa tegu wa mbwa. Sungura hula mayai yake kwenye majani yenye kinyesi cha mbwa, na mbwa akila matumbo ya sungura tegu anakomaa ndani yake, mzunguko unaanza upya. Binadamu haambukizwi kwa kula nyama iliyoiva. Toeni vifuko, ini mlitupe, matumbo yafukiwe mbali na mbwa, nyama ipikwe hadi iive kabisa.

Kinachotupeleka kwenye shimo la kufukia ni kingine: ini lenye madoa meupe mengi yaliyotapakaa, usaha popote, bandama iliyovimba, mitoki mikubwa chini ya kwapa au shingoni, mnyama aliyekonda sana, au aliyekuwa hakimbii alipoona mtu. Huyo msimchune. Sungura hubeba pia viroboto na kupe, ambao huuacha mwili unapopoa na kutafuta damu nyingine. Vaeni glovu, mfunike vidonda vya mikono, mnawe kwa sabuni. Mjamzito asichune. Homa ikija ndani ya siku chache baada ya kuchuna, mwambieni mganga wa zahanati kwamba mlishika mnyama wa porini. Bila habari hiyo atapima malaria tu.

Tumeokota sungura amekufa kando ya shamba la tumbaku, hana jeraha, bado ana joto. Analika? (Msomaji, Kaliua)

Halika. Mnyama mzima hafi bure, na kando ya tumbaku sababu ya kwanza ya kufikiria ni viuatilifu. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha, kwa limau wala kwa kukaanga. Mfukieni kwa jembe bila kumshika kwa mikono, na mkiona zaidi ya mmoja mpelekeeni habari afisa ugani.

Naombeni kipimo kamili cha kupika. Yangu hutoka kavu na ya nyuzinyuzi. (Dada wa Ipuli, Tabora mjini)

Dada, kwanza mjue umri wake, maana sungura mzee na kijana hawapikwi sawa. Kijana sikio lake huchanika kwa vidole, kucha ni kali na zimejificha manyoyani, meno meupe madogo. Mzee ana sikio gumu, kucha butu zilizochomoza, meno marefu ya manjano. Kama ameshachunwa, tazama paja: la mzee lina utando mzito unaong'aa.

Utando huo, hasa wa mgongoni, uondoe wote kwa kisu chembamba. Hauivi, hujikunja kwenye moto na kukaza nyama. Kisha mgawe kwenye viungo, usimkatekate kwa panga, maana mifupa yake ni myembamba na hupasuka vipande vikali vinavyokwama kooni. Miguu ya mbele haina kiungo cha mfupa na kiwiliwili, kisu kinapita chini ya bega peke yake. Mapaja yatenganishe kwenye nyonga. Mgongo ukate vipande vitatu katikati ya pingili. Utapata vipande saba, na mbavu za kuongezea mchuzi.

Loweka kwenye maji lita 1 yenye chumvi kijiko kimoja cha chakula, saa nne hadi nane ndani ya friji. Huna friji, usizidishe saa moja. Limau nusu linatosha. Siki au malimao mengi ya usiku kucha huivisha nyama juu na kuifanya iwe ungaunga.

Kwa sungura mmoja (kilo moja hadi moja na robo baada ya kuchunwa, wanakula watu wanne au watano) andaa vitunguu maji viwili vikubwa, nyanya nne, punje nne za kitunguu saumu, tangawizi ya ukubwa wa dole gumba, mafuta vijiko vitatu vya chakula, chumvi kijiko kimoja cha chai, maji ya moto lita 1, na karanga zilizosagwa kikombe kimoja. Futa nyama ikauke, ikaange kwenye mafuta ya moto pande zote hadi iwe kahawia, vipande vichache kwa zamu. Ukijaza sufuria itatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Iondoe, kaanga vitunguu, saumu na tangawizi, weka nyanya hadi zipondeke. Rudisha nyama, mimina maji, funika, punguza moto hadi mchuzi uwe unatikisika tu. Kijana ataiva kwa saa moja na robo. Mzee saa mbili na nusu hadi tatu. Nyama hii haina mafuta ya kuilinda, na moto mkali ndio unaoipa zile nyuzinyuzi zako. Vipande vya mgongo huiva mapema, vitoe vikilainika uvirudishe mwishoni.

Karanga koroga kwanza kwa maji ya uvuguvugu, utie dakika ishirini za mwisho, na usiache kukoroga kwa sababu hushika chini. Imeiva pale nyama inapoachia mfupa na pasiwe na uwekundu karibu na kiungo. Kwa michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) au ugali, chumvi ionje upya, kwani karanga huimeza. Kuchoma kwenye mkaa tunaruhusu kwa kijana tu, mapaja na mgongo, ukipaka mafuta kila dakika tano.

Je, sungura ni halali? Na kwa huku Ujiji tunaweza kutumia mawese? (Msomaji, Kigoma)

Kwa Sunni sungura ni halali. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba Abu Talha alimchinja sungura na Mtume akapokea mapaja yake. Mtaje Mwenyezi Mungu unapofyatua, na ukimkuta hai umchinje. Kuhusu aliyekufa kwa risasi kabla hujamfikia, muulize sheikh wako. Shia Ithnaashari hawamli, na Wasabato pia hawamli kwa kufuata Walawi 11, kwa hiyo mgeni aambiwe kilichomo chunguni kabla hajanawa. Mawese yanafaa sana kwa nyama hii kavu: vijiko vitatu vilevile, yapashe moto bila kuyaunguza, na punguza karanga ziwe nusu kikombe.

Nataka kukausha nyama ya sungura. Bani letu, yaani banda la kukaushia tumbaku, lina moto kila siku msimu huu. Naweza kuning'iniza humo? (Msomaji, Urambo)

Usining'inize hata kipande. Hewa na kuta za bani zimebeba nikotini na mabaki ya dawa za shambani, na nyama mbichi inavinyonya vyote. Tengeneza uchanja wako: vijiti vibichi vya mti usio na utomvu, kimo cha mita moja juu ya makaa, kando ya mahali pa kupikia. Ondoa mifupa, kata vipande virefu vya unene wa kidole kidogo kwa kufuata nyuzi za nyama, paka chumvi gramu 30 kwa kila kilo, acha saa mbili vichuje maji. Banika kwa moto mdogo na moshi mwepesi, ukigeuza kila nusu saa. Moto ukiwa mkali nje hukauka haraka, ndani hubaki unyevu, na siku ya tatu unaona funza. Kipande kilichokauka vizuri hupasuka kikikunjwa bila kutoa unyevu. Siku ya kwanza kibanike saa nane hadi kumi, siku ya pili kirudishe saa nne. Hifadhi kwenye mfuko wa nguo ulioning'inizwa penye upepo, na kabla ya kula loweka saa moja, umwage maji hayo, uchemshe upya angalau dakika arobaini.